Mume wa Nahodha

Kisa hiki nakijua kuliko wote waliokuwamo ukumbini siku ile. Msinibishie. Wao walikuwa wanapigwa, na mtu anayepigwa haoni sawasawa. Mimi nilipata utulivu wa kuliangalia jambo lote vizuri, kwa sababu sikuwepo.

Nusu-Kilo alikuwepo. Tumfuate yeye.

Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, mtu mwembamba wa vidole vyenye gundi, na jina lake alipewa siku ya harusi na wapasua nyama wa machinjioni, waliofanya kazi na mkewe. Walimtazama alivyosimama kando ya bibi harusi wakaulizana kama yule ndiye bwana harusi au ni nyongeza tu ya muuzaji. Mkewe walishamwita Shoka tangu zamani. Mchinjaji akimaliza kazi yake, ng'ombe anaachiwa Shoka, naye kwa mapigo machache mgongo unafunguka kama kitabu. Hakuwa mgomvi, wanaosema hivyo wanamsingizia. Ugomvi ni wa watu wawili. Shoka alipigana peke yake; mwenzake alikuwa anapigwa tu.

Siku ya dume jeusi, Nusu-Kilo alikuwa amempelekea mkewe chakula cha mchana. Walisimama ndani ya uzio ambamo ng'ombe husubiri zamu yao, mume ameshika sufuria, mke ananawa damu. Joto lilikuwa limetulia mahali pamoja. Pipa la kuchemshia kwato lilitoa moshi, na moshi ule ulisimama wima kama mlingoti. Nzi walikaa walipokaa. Ndipo dume likakata kamba.

Mtu hajijui mpaka miguu yake imtambulishe. Miguu ya Nusu-Kilo ilimtambulisha siku hiyo. Ilimtoa nje ya geti kabla sufuria haijafika chini, na mikono, kwa kuiga miguu, ikavuta geti na kusukuma komeo. Shoka alikuwa nyuma yake, mkono ameshaunyoosha.

Dume lilimbana kwenye geti lile lile. Pembe ikaingia ubavuni, mbavu zikalia kama kuni kavu. Likamrusha, likamkanyaga, likaenda kugeuza. Nusu-Kilo aliyaona yote kupitia upenyo wa mbao, na mkono wake ulikuwa bado juu ya komeo, na haukulifungua. Dume liliporudi mara nyingine lilimkuta Shoka amepiga goti, ameshika silaha yake ya kazi. Akalipiga katikati ya macho. Halikulia. Lilikaa chini polepole kama mgeni aliyekaribishwa kiti, halafu likamlalia miguu.

Hospitalini, neno la kwanza alilosema alipozinduka lilikuwa hili: "Nani alifunga geti?"

"Upepo, mke wangu," akajibu Nusu-Kilo, ameushika mkono wake. "Ulilibamiza, komeo likajiangukia."

Shoka akafumba macho. "Upepo mbwa," akasema.

Tangu hapo Nusu-Kilo alikuwa na kazi mbili duniani: kujalidi vitabu vya watu, na kuhakikisha upepo ule haufi. Kwa maana alimjua mkewe. Kuibiwa angesamehe, kutukanwa angesahau baada ya kulipiza. Lakini mtu aliyemfungia na dume, huyo alishamtangazia adhabu yake pale kitandani, kiungo kwa kiungo, kwa majina ya buchani.

Kitabu kilikuja katika wiki hizo za kuuguza mbavu. Mwenyewe alikileta kishonwe upya mgongo, kisha akahama mji bila kukifuata. Kilikuwa kitabu cha mambo ya mbele huko, ya watu walioihama dunia wakaishi ndani ya mji wa chuma unaoelea kati ya nyota. Shoka hakujua kusoma. Herufi zote alizozijua ni zile za muhuri wa mkaguzi wa nyama. Kulala kulimchosha kuliko kupasua.

"Nisomee," akasema. "Lakini pasiwe na mapenzi mengi. Nikicheka naumia."

Akamsomea. Kumbe ndani ya mji ule wa chuma, mashine zinazotengeneza hewa zimewachoka binadamu. Mwandishi hakuzionyesha sura hata mara moja. Ulizisikia tu zikipumua nyuma ya ukuta, na kila zilivyopumua, watu walipungukiwa. Akatokea nahodha, mwanamke mpana mwenye kovu shingoni, akaanza kuzivunja moja moja kwa nyundo.

"Huyo ni mimi," akasema Shoka. "Ana mume?"

"Anaye. Fundi wa hewa. Mtu mwembamba."

"Ni wewe huyo. Endelea."

Wakaendelea mpaka sura ya mwisho. Nyundo imevunjika mpini, nahodha anakimbia ujiani, mashine ya mwisho inapumua kisogoni mwake, na mwisho wa ujia mumewe amesimama mlangoni. Jicho la msomaji hutangulia mdomo. Jicho la Nusu-Kilo likatangulia, likakuta yameandikwa maneno machache tu: kwamba fundi wa hewa alimtazama mkewe usoni, akaufunga mlango. Basi. Chini yake karatasi nyeupe.

Ulimi ukamkauka mithili ya gundi ya jana.

"Mbona umenyamaza?" akauliza Shoka. Silaha yake ilikuwa imeegemea kitanda, hakulala mbali nayo. "Sikiliza. Huyo mwembamba akimwacha mkewe, nakuapia, nitaamka na mbavu hizi hizi nimtafute mwandishi. Nikimkosa mwandishi, msomaji yupo."

Basi Nusu-Kilo akasoma yasiyoandikwa. Akasoma kwamba mlango ulikuwa unajifunga, na fundi wa hewa akajitupa katikati, chuma kikambana, mfupa wa mkono ukavunjika akausikia, akauweka na wa pili, damu ikamtiririka mpaka viatuni, naye haachii, haachii, mpaka mkewe alipopenya chini ya kwapa lake akiwa hai.

Shoka alilia. Mwanamke ambaye dume halikumliza alilia kwa karatasi. Akaukamata mkono wa mumewe na kuubana hadi ukatoa sauti. "Mume wa nahodha," akamwita.

Jina hilo likazagaa. Alirudi machinjioni akalitangaza kati ya mizoga, wanawake wakawatazama waume zao kwa jicho baya. Na kila mara mvua ikinyesha, mbavu zikimuuma, angesema: "Nisomee ule mwisho." Naye angesoma, na kwa kuwa muongo hana kumbukumbu, mambo yakawa yanahama.

"Juzi si ulisema alivunjika mkono wa kulia?"

"Kitabu kizuri, mke wangu, kila ukikirudia unakuta kipya."

Shoka akakubali. Mtu aliyezeekea ndani ya ng'ombe anajua kwamba kila ukipasua unakuta kingine.

Wangezeeka hivyo, lakini siku moja shemeji yake Nusu-Kilo, mdogo wake Shoka, naye asiyejua kusoma, aliingia mbio nyumbani kwao huku anapiga vigelegele.

"Dada! Kitabu chako kimekuwa filamu! Picha yake imebandikwa pale sinema. Nahodha, mashine, kila kitu!"

Nusu-Kilo alikuwa anashona mgongo wa kamusi. Shazia ikamwingia kidoleni hadi kwenye mfupa.

"Msiende," akasema. "Filamu huharibu vitabu. Kitabu kinakuachia wewe kazi ya kuona, nahodha anakuwa na uso unaoutaka. Filamu inakuletea uso wake na kukulazimisha. Watapunguza hiki, wataongeza kile, watabadilisha hata mwisho."

"Hata mwisho?"

"Hasa mwisho!"

Shoka akafunga kitambaa chake kichwani. "Basi twende nikaone wanavyothubutu."

"Shemeji," akasema mdogo mtu, akimchungulia, "mbona unatokwa jasho? Filamu bado, na wewe umeshaogopa."

Sinema yenyewe ilikuwa ukumbi mmoja wa mabenchi, na mwenyewe aliitwa Pazia, kwa sababu siku zote alikuwa anafua, anapiga pasi au anatia viraka lile pazia lake jeupe. Mtu wa miwani minene, aliyependa filamu kama wengine wanavyopenda watoto wao wasio na akili. Mlangoni aliweka bawabu mmoja mwenye kifua. Bawabu akanyoosha mkono.

"Shoka haliingii humu."

"Shoka ni mimi."

"Basi hilo la chuma."

Akaliacha nyuma ya mlango, limeviringishwa kwenye gunia lake. Wakaketi benchi la mbele, Nusu-Kilo katikati, kama kipande cha nyama kati ya mizani na kisu.

Taa zikazimwa. Nahodha akatokea. Alikuwa mwembamba kama sindano, midomo myekundu, nywele hazijawahi kukutana na jasho.

"Huyu nani?" akauliza Shoka kwa sauti ya machinjioni.

"Nahodha," akanong'ona Nusu-Kilo.

"Huyu? Huyu hata kitunguu hakati bila kuita watu."

Ukumbi ukacheka. Zikaja mashine, na hizo sasa zilikuwa na macho mekundu na meno.

"Mashine ina meno ya nini?" akauliza shemeji. "Inakula nini?"

Ilikula watu. Kilichokuwa kitabuni pumzi nyuma ya ukuta, kwenye pazia kilikuwa kichwa kinachobingirika ngazini. Kilichoandikwa kwa mstari mmoja kilimwagwa kwa ndoo. Mzee mmoja alikatwa kiunoni, sehemu ya juu ikaendelea kutoa amri. Mpishi akavutwa ndani ya bomba, miguu ikabaki nje inapiga teke. Watu walifunika macho. Shoka peke yake alitazama kwa utulivu, mtaalamu akikagua kazi ya mwanafunzi.

"Damu hairuki hivyo," akasema. "Hayo ni maji yametiwa rangi. Na huyo hajakatwa kwenye kiungo."

Aliyestahimili hayo yote angestahimili na mwisho, ndivyo Nusu-Kilo alivyojidanganya. Ujia ukatokea. Nahodha akawa anakimbia. Mlangoni alisimama mumewe, na hapa filamu ilikuwa imemwongezea mabega.

"Mke wangu, tumbo," akasema Nusu-Kilo akiinuka. "Twende."

Shoka akamketisha kwa kidole.

Kitabu kilisema fundi alimtazama mkewe usoni, akaufunga mlango, kikaishia hapo. Filamu haikuwa na haya hiyo. Uso wa mume ukajaa pazia zima, kila kinyweleo, ukaona hofu ikipanda kutoka shingoni mpaka machoni, ukaona akili inaondoka na miguu inabaki. Mkono ukavuta wenzo. Mlango ukajifunga. Upande wa pili wa kioo nahodha akapiga kwa viganja, mara moja, mara mbili, kisha meno yakafika, na kilichobaki kwenye kioo kikateremka taratibu.

Nusu-Kilo aliwahi kuuona uso ule. Si wa mume. Wa mke, kupitia upenyo wa mbao.

Taa zikawashwa. Halafu bwana mmoja nyuma akapiga makofi, kwa kuwa filamu imekwisha.

"Unampigia nani makofi?" akauliza Shoka, akisimama.

Akamfuata, akamshika kola, akampa makofi yake, yale yaliyoshiba. Bwana yule akaangukia safu ya nyuma, safu ya nyuma ikaangukia ukuta. "Mwanamume amemfungia mkewe mlango, nyie mnapiga makofi!" Benchi likanyanyuka. Liliruka juu ya vichwa vya watu, likatoboa pazia katikati, likatokea upande wa pili. Pazia akatoka mbio katika kichumba cha projekta akilia, "Pazia langu! Pazia langu, mama!" na ngumi ikamkuta njiani. Pua ikahamia shavuni. Miwani ikaanguka, mtu akaikanyaga, wa pili akaisaga.

Bawabu alikuja na kifua chake. Shoka alimkamata mkanda na kola, akamwinua kama paja la kutundika, akampigiza ukingo wa benchi. Jino likaruka likaingia kwenye bisi za mama mmoja, naye akazitupa zote na kumpiga jirani yake. Hapo ukumbi mzima ukakumbuka visasi vyake. Walipigana wasiojua wanachopigania. Shemeji alivua kiatu chake cha kisigino na kuchagua vichwa kama mtu anayechagua mananasi. "Huyu bado! Dada, huyu bado!" Nusu-Kilo alikuwa chini ya benchi, na hata hukohuko kiwiko kilimfuata kikampasua nyusi. Hicho kiwiko hakijulikani kilikuwa cha nani. Katika ugomvi kama ule viwiko ni mali ya umma.

Waliokuwa na miguu walikimbia, na waliokosa walibururwa. Wakabaki Shoka, mdogo wake, mumewe, na Pazia, aliyeketi sakafuni, shati puani, damu inamdondoka kidevuni. Bawabu alikuwepo pia, lakini alikuwa amelala. Juu, projekta iliyosukumwa ilikuwa inaungua polepole kwa ndani.

"Naita polisi," akasema Pazia kwa sauti ya puani. "Umeniulia riziki. Kwa kosa gani? Filamu imefuata kitabu!"

"Muongo! Kwenye kitabu mume alivunjika mikono yote miwili!"

"Nimekisoma kile kitabu, mama. Waliongeza meno, sawa. Walimkondesha nahodha, sawa. Walimwaga damu wasikoambiwa, nakubali. Lakini mwisho ni ule ule. Aliufunga. Ndiyo maana kikaitwa kitabu."

Shoka alichota pumzi. Akaenda mlangoni, akarudi na gunia lake, akaketi, akalifungua. "Mdogo wangu, kimbia nyumbani ukalete kitabu. Asome mume wangu hapa, mbele yako. Kikisema kama filamu, nitapiga magoti nikuombe radhi, na hilo pazia nitalishona mwenyewe. Kikisema nilivyosikia mimi, nakuvunja na hiyo pua iliyobaki."

"Hakuna iliyobaki," akasema Pazia. "Kiletwe."

"Mke wangu," akasema Nusu-Kilo, amejishika nyusi, "leo sioni vizuri. Damu imeingia jichoni. Tuje kesho."

"Jicho moja linatosha. Nyama nakata na moja nimefumba."

Shemeji alienda na kurudi kama aliyetumwa kuita mkunga. Kitabu kikawekwa mapajani mwa Nusu-Kilo. Kilifunguka chenyewe kwenye sura ya mwisho, kwa jinsi kilivyozoea. Maneno yale machache yalikuwa pale pale. Damu ya nyusi ikadondoka tone moja juu yake, na alifurahi, akadhani litayafunika. Halikuyafunika.

Akasoma. Hakika alisoma vizuri. Mlango unajifunga, mume anajitupa, chuma kinabana, mfupa unalia. Shoka aliitikia kwa kichwa kila neno, akamtazama Pazia kwa ushindi.

"Hayapo hayo!" akapiga kelele Pazia. "Nipe nione! Miwani yangu iko wapi?"

"Unaikalia," akasema shemeji. "Unga wake."

Mpini ukagonga sakafu. "Umesikia. Omba radhi."

Pazia akapapasa vipande vya kioo chini yake. Mtu aliyeonyesha filamu maisha yake yote hujua kurudisha nyuma.

"Sawa," akasema polepole. "Nimeshindwa. Nijibu moja tu, fundi, halafu niende nikatibiwe. Unasema mume aliuzuia mlango usijifunge. Vizuri. Mlango ulikuwa wazi, mtu yuko anakuja. Nani alianza kuufunga?"

Shoka akageuka. Katika kuusikia mwisho ule, mvua zote hizo, hakuwahi kuuliza. "Eh. Kweli. Nani aliufunga? Soma hapo, mume wangu."

Nusu-Kilo akaiinamia karatasi. Ilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa na mkono, na mkono ule aliujua. Alitafuta lingine upesi, ndani ya kichwa chake, mahali alipozoea kuweka majibu, akakuta moja limekaa tayari, limelainika kwa kutumiwa.

"'Ghafla,'" akasoma, "'ukavuma upepo mkali, ukaubamiza mlango, na komeo likajiangukia.'"

Shemeji aliangua kicheko mpaka akashikilia benchi. "Upepo! Shemeji, upepo umetoka wapi? Si ulitusomea mwenyewe huko kati ya nyota hakuna hata hewa ya kuzimia kiberiti? Na komeo! Mji mzima wa mashine, wamefunga kwa komeo kama banda la mbuzi!"

"Ni... ni upepo wa mashine," akasema Nusu-Kilo. "Zilipumua."

Hata Pazia alicheka, ingawa alilipia kwa pua.

Shoka hakucheka. "Komeo likajiangukia," akarudia, taratibu, kama anayeonja. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya makali, kwenda na kurudi. Hakumtazama mumewe. Alitazama juu yake, kwenye kichumba cha projekta, ambako uzi wa moshi ulikuwa unatoka dirishani, mwembamba, mweusi, umesimama wima kama mlingoti.



"Siku ile," akasema, "pipa la kwato lilikuwa linachemka. Nilikuwa nanawa. Moshi wake ulisimama hivi hivi." Akanyoosha kidole. "Hivi hivi, mume wangu. Mpaka juu."

Shemeji aliacha kucheka. Akasogea mbali na benchi la shemeji yake.

"Endelea kusoma, mume wa nahodha," akasema Shoka. "Upepo ukavuma. Halafu?"

Nusu-Kilo akalowesha kidole, akafungua ukurasa unaofuata. Hapakuwa na ukurasa unaofuata.